Uzi: Wahadhiri waliofariki wakati wa vita – orodha, jiwe na kazi zao

Maktaba_Ziwani, Kisumu (mleta uzi)

Wadau, salaam kutoka Kisumu.

Kamati ya wafanyakazi wa chuo kimoja huku Nyanza imetengewa ukuta wa maktaba wa kuwakumbuka walimu wa vyuo vikuu waliokufa wakati wa vita. Si Wakenya peke yao. Madarasa yetu yana wanafunzi kutoka Sudan Kusini, Rwanda, Kongo na Uganda, na baadhi ya wataalamu ambao nadharia zao tunazifundisha kila muhula walikufa vitani au waliuawa kwa sababu ya ualimu wao. Nafungua uzi huu ili wenye ujuzi tuweke pamoja tunachokijua: nani aingie, majina yahakikiwe vipi, jiwe gani lifae, na maandishi yao yakae wapi.

Msimamo wangu nauweka mapema: orodha kwanza, jiwe baadaye. Kamati nyingi hugeuza mambo. Zinachangisha, zinamwita fundi, kisha siku za mwisho kabisa mtu mmoja anatwishwa kazi ya kukusanya majina. Jina likikosewa kwenye jedwali unalirekebisha kwa dakika moja. Likikosewa kwenye jiwe, familia italiona kosa hilo kila ikija.

Jedwali liwe na safu hizi: jina kama mwenyewe alivyoliandika kwenye kazi zake, namna nyingine ambazo jina hilo huandikwa, chuo kwa jina la wakati ule na la sasa, idara na somo, cheo siku ya kifo, tarehe ya kuzaliwa, tarehe na mahali pa kifo, namna alivyokufa kwa sentensi moja, kaburi kama lipo, ushahidi, nani kaujaza mstari huo na lini.

Safu ya ushahidi ipewe daraja. A ni hati ya kifo, rejesta ya makaburi, hukumu ya mahakama au tangazo rasmi la chuo lenye tarehe. B ni tanzia iliyochapishwa, au ushuhuda wa watu wawili wasiotegemeana. C ni chanzo kimoja tu. A na B ziende kwenye jiwe. C ibaki kwenye jedwali na iendelee kutafutiwa mwenzake, isifutwe.

Kuhusu jina la chuo msifanye haraka. Mhadhiri aliyeuawa Butare mwaka 1994 alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda. Mji huo tangu 2006 unaitwa Huye, na chuo kiliingia ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda mwaka 2013. Ukiandika jina la leo pekee, mtafiti wa nyaraka za 1994 hatampata. Makerere nayo, kati ya 1963 na 1970, ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki.

Na jambo ambalo watu wa huku wanalisahau: Moi ilianza 1984, Egerton ikawa chuo kikuu 1987 (ingawa shule ya kilimo ya Njoro ilianza 1939), Maseno ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Msipoteze wiki nzima kwenye rejesta za vyuo hivi mkitafuta wahadhiri wa Vita vya Pili vya Dunia. Hawamo, na hawawezi kuwamo.

Mwl_Kakamega

Asante sana mleta uzi. Swali langu ni la mwanzo kabisa: nani anahesabika? Kuna aliyekufa akiwa askari, kuna aliyeuawa darasani, kuna aliyekufa kwa ugonjwa kambini, kuna aliyekuwa amestaafu. Mkichanganya wote bila kanuni, kikao cha pili kitavunjika.

Historia_Eldoret

Mwalimu, hapo ndipo penye kazi yenyewe. Andikeni kanuni kwenye ukurasa mmoja kabla ya kuingiza jina hata moja, kisha ijaribuni kwa majina yanayojulikana vizuri. Kanuni ikikwama kwa hao, itakwama kwa wenu.

Mchukueni Henry Moseley, mwanafizikia aliyeonyesha kwa mionzi ya eksirei kwamba namba ya atomu ni kitu kinachopimika, si nafasi tu katika jedwali la elementi. Aliuawa Gallipoli, Uturuki, tarehe 10 Agosti 1915 akiwa na miaka 27. Alifundisha Manchester chini ya mwanafizikia Ernest Rutherford, lakini aliacha kazi hiyo mwishoni mwa 1913. Siku aliyokufa hakuwa mwajiriwa wa chuo chochote. Je, anaingia? Kanuni inayosema "mwajiriwa siku ya kifo" inamtupa nje. Kanuni inayosema "aliyefundisha chuo kikuu ndani ya miaka mitano kabla ya kifo" inamwingiza. Mimi nachagua ya pili bila kusita.

Felix Hausdorff, mwanahisabati wa Bonn, alistaafu 1935. Januari 1942, alipoambiwa yeye na mkewe Charlotte wahamie kambi ya Endenich, walijiua pamoja na dada wa mkewe, Edith. Miaka mitano ikihesabiwa kwa ukali, hayumo. Kwa hiyo ongezeni kifungu cha wastaafu: aliyestaafu anahesabika daima kuwa wa chuo chake. Na kifungu kingine kwamba kifo cha kujiua kwa kukwepa kukamatwa ni kifo cha vita.

Maurice Halbwachs, mwanasosholojia aliyefundisha Strasbourg na Sorbonne, alikufa kwa maradhi katika kambi ya Buchenwald Machi 1945. Karl Schwarzschild, mtaalamu wa falaki wa Kijerumani, aliandika suluhisho lake la milinganyo ya Einstein akiwa jeshini, akafa Mei 1916 nyumbani Potsdam kwa ugonjwa wa ngozi uliomshika akiwa kwenye medani ya mashariki. Ugonjwa unahesabika? Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola hutumia vipindi, si aina ya kifo: kwa askari, kuanzia 4 Agosti 1914 hadi 31 Agosti 1921, na kuanzia 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Aliyekufa kwa malaria ndani ya vipindi hivyo akiwa kazini ana kaburi sawa na aliyepigwa risasi. Nawashauri mfuate mwendo huo: kila vita kiwe na tarehe ya kuanza na ya kufunga, na tarehe ya kufunga ipite mwisho wa mapigano, maana majeraha na magonjwa hayangoji mkataba.

Kisha wapo waliouawa kwa kuwa walimu. Usiku wa 3 kuamkia 4 Julai 1941, mjini Lwów, ambao leo ni Lviv nchini Ukraine, Wajerumani waliwakamata maprofesa zaidi ya 20 pamoja na baadhi ya jamaa zao, wakawapiga risasi kwenye vilima vya Wulka. Miongoni mwao walikuwa wanahisabati Antoni Łomnicki na Włodzimierz Stożek. Mwaka 1943 wauaji walifukua miili wakaichoma ili kuficha ushahidi, kwa hiyo safu ya "kaburi" kwa hawa itabaki tupu milele. Msiijaze kwa kukisia. Andikeni "hakuna kaburi", kwa kuwa hiyo nayo ni habari.

Tarehe 25 Novemba 1943 Wajerumani walivamia Chuo Kikuu cha Strasbourg kilichokuwa kimehamia Clermont-Ferrand. Profesa Paul Collomp, mtaalamu wa mafunjo ya Kigiriki, alipigwa risasi humo humo chuoni. Hapa mahali pa kifo na makao ya asili ya chuo ni miji miwili tofauti, na orodha nyingi hukosea kwa kuandika kwamba alifia Strasbourg.

Binti_Njoro

Na wasiofundisha je? Msimamizi wa maktaba, fundi wa maabara, mpishi wa bweni? Kichwa cha uzi kinasema wahadhiri, lakini risasi haikuuliza cheo.

Historia_Eldoret

Swali zuri, na lina jibu la mfano. Usiku wa kuamkia 16 Novemba 1989 askari wa jeshi la El Salvador waliingia kwenye chuo kikuu cha Wajesuiti San Salvador, wakawaua mapadre sita wakiwemo mkuu wa chuo Ignacio Ellacuría na mwanasaikolojia Ignacio Martín-Baró. Waliwaua pia Elba Ramos, mpishi wao, na binti yake Celina. Kumbukumbu ya chuo hicho ina watu wanane, si sita, na bustani ya waridi mahali pale ilipandwa na mume wa Elba.

Sasa tazameni kesi. Mwaka 2020 mahakama ya Uhispania ilimhukumu kanali wa zamani Inocente Montano kwa mauaji ya Wahispania watano tu kati ya hao wanane, kwa sababu ya masharti ya hati iliyomtoa Marekani kwenda kushtakiwa. Anayenakili orodha kutoka kwenye hukumu atawapoteza watu watatu, wakiwemo mama na mwana. Daraja A la ushahidi halina maana ya orodha kamili. Lina maana kwamba walioandikwa humo ni kweli.

Kwa hiyo: kichwa cha ukuta kiseme "wafanyakazi wa vyuo vikuu", na chini ya kila jina iwepo kazi yake.

Kumbukumbu_Nyanza

Niongeze la nyumbani, kwa sababu sisi wa pande hizi tunalijua kuliko wengi. Mwaka 2021 Tume ile ile ya Makaburi ya Vita ilichapisha ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika Vita vya Kwanza, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wetu wako humo, na huku kwetu eneo la Kariakor jijini Nairobi bado linabeba jina la kikosi chao, Carrier Corps. Somo kwa kamati: kutokuwemo katika rejesta si ushahidi kwamba mtu hakufa. Ni ushahidi wa nani alikuwa anaandika rejesta.

Ukitafuta kwenye rejesta ya Tume mtandaoni, usitafute kwa kazi ya mtu; hakuna safu ya kazi. Tafuta kwa jina la ukoo na mwaka, kisha usome sehemu ya maelezo ya ziada, ambayo mara nyingi ina majina ya wazazi na shahada. Wasio na kaburi linalojulikana wako kwenye minara: Moseley, kwa mfano, yuko kwenye mnara wa Helles, huko huko Gallipoli. Anayetaka kuona kanuni ya usawa kwa macho aende makaburi ya vita ya Gilgil, hapo hapo Kaunti ya Nakuru. Makaburi yanafuata vipimo vya aina moja, bila kujali cheo cha anayelala hapo. Jiwe la kawaida la Tume lina urefu wa sentimita 81, upana 38, unene karibu 8. Kwa hiyo na kwenye ukuta wenu msimweke profesa kwa herufi kubwa na mhadhiri msaidizi kwa ndogo. Fuateni alfabeti ya jina la ukoo, basi.

Graniti_Nakuru

Nimesoma yote kwa makini. Nawapa upande wa ufundi.

Tuchukue majina 40. Safu mbili, majina 20 kila safu. Herufi za majina ziwe na kimo cha milimita 15. Hizo zinasomeka vizuri kutoka mita moja na nusu, umbali wa mtu aliyesimama mbele ya ukuta wa ndani. Ikiwa kuna meza au ngazi inayomzuia msomaji asisogee, na atasimama mita tatu, pandeni hadi milimita 25.

Kutoka mstari hadi mstari zidisha kimo cha herufi kwa 1.8, upate milimita 27. Mistari 20 ni 540. Kichwa na nafasi yake 120. Pambizo ya juu na chini 70 kila moja. Jumla 800. Upana: jina la herufi 25, kila herufi ikichukua milimita 11 pamoja na nafasi yake, ni 275. Safu mbili 550, nafasi ya katikati 50, pambizo 50 kila upande: 700. Hapo mna jiwe la 700 kwa 800 lisilo na nafasi ya jina jipya, na majina mapya yatakuja, hilo halina shaka. Ongezeni mistari minne kwa kila safu, yaani majina manane, urefu ufike 910. Kwa graniti ya unene wa milimita 30 uzito ni kilo 52 hivi. Watu wawili wenye glavu wanalibeba, mmoja asijaribu.

Mkitaka kazi ya mtu chini ya jina, kama alivyosema Historia, hiyo ni mistari 48 mingine ya herufi za milimita 9. Hesabu inabadilika yote. Fanyeni mawe mawili badala ya kubana.

Kuchonga kuna njia mbili hapa Nakuru na Kisumu. Leza inakwangua uso tu wa graniti nyeusi iliyong'arishwa. Picha za sura hutoka vizuri, lakini maandishi hayana kina, na nje juani na mvuani hufifia. Mchanga wa shinikizo unachimba milimita 2 hadi 3. Kwa majina chagueni mchanga. Tatizo lake ni karatasi ya plastiki inayokatwa kuwa kiolezo: herufi zikiwa chini ya milimita 12, vipande vidogo vya ndani ya A, O na R hung'oka kwa presha, na herufi inatoka imejaa. Ndiyo maana kazi za herufi za milimita 9 zipelekwe leza, ndani ya jengo tu.

Muulizeni fundi mapema programu yake ina herufi gani. Jina kama Tadeusz Boy-Żeleński, mmoja wa waliouawa Lwów, lina Ż na ń. Łomnicki lina Ł. Programu isiyo nazo huweka kisanduku kitupu au Z ya kawaida bila kukuonya. Na hapa kwetu kuna ng': mashine nyingine huigeuza alama ile kuwa ya kufungulia nukuu, ikapinda upande usiofaa. Mpeni faili iliyogeuzwa kuwa michoro, si maandishi ghafi.

Kisha hatua ambayo watu huiruka: chapisheni karatasi ya ukubwa kamili, 700 kwa 910, muibandike ukutani siku saba mahali jiwe litakapokaa. Watu wawili wahakiki. Mmoja anasoma jedwali herufi kwa herufi kwa sauti, mwingine anafuata karatasi kwa kidole. Kisha wanabadilishana na kuanza kutoka jina la mwisho kwenda la kwanza. Ukisoma kutoka mwanzo jicho linazoea na kuruka. Sahihi za wote wawili ziwekwe kwenye karatasi ile ile, na fundi asianze bila hiyo.

Kufunga: ukuta uwe wa mawe au tofali zisizo na tundu. Tumieni pini nne za chuma kisichoshika kutu, kipenyo milimita 10, zizame 80 ukutani na 20 ndani ya jiwe, kwa gundi ya epoksi. Chini ya jiwe wekeni mabano mawili ya kubeba uzito; pini kazi yake ni kuzuia jiwe lisianguke mbele. Acheni upenyo wa milimita 10 nyuma ya jiwe. Fundi akikuambia atalipaka saruji mgongo mzima kama kigae, mkatae: unyevu unapita, chumvi inatoka mbele kama ukungu mweupe, na huko Kisumu na hewa ya ziwa itatokea mapema. Nondo za kawaida nazo hushika kutu, hufura, na kulipasua jiwe kwenye kona.

Jua_Kali_Kibuye

Kwa nini msitumie jiwe la sabuni la Tabaka? Ni letu, ni zuri, na mafundi wa Kisii wanajulikana dunia nzima. Au bamba la shaba?

Graniti_Nakuru

Jiwe la Tabaka nalipenda, na ndani ya maktaba linafaa kwa kitu ambacho watu hawakigusi: sanamu, kitabu kilichochongwa, fremu. Lakini ni laini mno kwa majina. Wageni hugusa majina ya watu wao, ni haki yao, na baada ya muda vidole hula kingo za herufi. Chongeni nalo kitu cha kukaa juu ya graniti. Lisuguliwe kwa msasa wa maji, kuanzia wa kukwaruza hadi laini kabisa, kisha lipakwe nta likiwa na joto.

Shaba: kwa nje, hapana. Bamba linang'olewa usiku mmoja na kuuzwa kama chuma chakavu. Mnakumbuka Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya chuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu. Ndani, penye mlinzi, sawa, lakini lipakwe vanishi na lisisuguliwe kwa dawa ya kung'arishia. Dawa hula herufi polepole.

Hazina_Maseno

Wakuu, jiwe limepata haki yake. Sasa maandishi. Mwalimu wa chuo kikuu anaishi anaposomwa, na hapa ndipo kamati zinapolala. Kitabu cha mwisho cha Marc Bloch, mwanahistoria Mfaransa, kuhusu kazi ya mwanahistoria, hakikuwa kimekamilika Wajerumani walipompiga risasi karibu na Lyon tarehe 16 Juni 1944. Mwenzake Lucien Febvre aliupanga mswada, ukachapishwa 1949. Leo wanafunzi wa historia wanaujua. Hiyo ndiyo kazi ya wenzake marehemu.

Hatua zenyewe. Kwanza bibliografia: kila makala, sura, tasnifu aliyoisimamia, mtihani aliotunga. Rejesta za tasnifu zina jina la msimamizi hata pale ambapo marehemu hakuchapisha mengi, kwa hiyo anzeni hapo.

Pili, karatasi. Ondoeni pini, klipu na raba kabla ya chochote. Chuma kinaacha kutu na raba inayeyuka na kushikana na karatasi. Msitumie selotepu kuunga kilichochanika. Unyevu wa chumba ubaki chini ya asilimia 60, masanduku yasiguse sakafu wala ukuta, na mchwa wakaguliwe kila mwezi. Skani maandishi yaliyochapwa kwa nukta 300 kwa inchi, mwandiko wa mkono 400 hadi 600, picha 600. Nakala mama iwe faili la picha la TIFF, nakala ya kusomwa iwe PDF/A, yaani PDF ya kuhifadhi muda mrefu. Jina la faili lisiwe na nafasi wala alama: ukoo_mwaka_aina_namba.

Kaseti za mihadhara: msizirudishe nyuma kwa kasi kabla ya kuzikagua, utepe mkavu unakatika. Rekodini kwa WAV ya kilohezi 48 na biti 24, mara moja, bila kusafisha sauti. Usafi ufanyike kwenye nakala.

Tatu, hifadhi. Vyuo vyetu vingi vinatumia DSpace, programu ya hifadhi ya kidijitali. Kila mtu apewe mkusanyo wake, na kila faili inapata anwani ya kudumu. Tunzeni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja iwe mji mwingine, mfano Eldoret. Kila mwaka mkokotoe alama za uthibitisho wa faili (namba zinazobadilika faili likiharibika) na kulinganisha na za mwanzo. Diski ngumu iliyofungiwa kabatini haitoi taarifa ikifa.

Hakimiliki: sheria ya Kenya inalinda kazi kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliokufa mwandishi. Nchi nyingi za Ulaya ni 70, na Ufaransa ina kanuni ya kuongeza miaka 30 kwa waandishi waliotambuliwa rasmi kuwa walikufa kwa ajili ya nchi. Kwa waliokufa karibuni, pateni ruhusa ya maandishi ya warithi. Ieleze kazi gani, kwa matumizi gani, na kama inaruhusu kupakua. Ruhusa ya mdomo msibani haitoshi, maana ndugu mwingine atakuja kuuliza baadaye, na ana haki.

Mwl_Kakamega

Vipi kile kisanduku cha kuskani kwa simu? Vijana wanataka kichongwe kwenye jiwe.

Hazina_Maseno

Kisichongwe. Tovuti za vyuo hujengwa upya kila baada ya miaka michache na viungo hufa. Pia kwenye graniti nyeusi msimbo hutoka mweupe juu ya giza, na simu za zamani hazisomi hivyo. Wekeni bamba dogo la alumini pembeni, msimbo mweusi juu ya mweupe, upana sentimita 4 au zaidi, skrubu mbili, na uelekeze kwenye anwani ya kudumu ya DSpace.

Kumbukumbu_Nyanza

Tahadhari moja kubwa: vita vya sasa na vya karibuni. Gaza, Desemba 2023, waliuawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Kiislamu, mwanafizikia Sufyan Tayeh, na mwalimu wa fasihi ya Kiingereza Refaat Alareer, siku chache baina yao. Sudan inaungua tangu Aprili 2023, na walimu wa vyuo vyake wametawanyika kote, wengine wako kwenye vyuo vyetu. Kwa vita vya namna hii, jedwali la hadharani liwe na jina, chuo, somo na mwaka tu. Majina ya mashahidi, mitaa, simu na majina ya watoto yakae kwenye faili iliyofungwa kwa nywila, na watu wasiozidi wawili wawe nayo. Aliyekupa habari ana ndugu waliobaki kule.

Tahajia ya majina ya Kiarabu: tumieni ile aliyoitumia marehemu mwenyewe kwenye kazi zake za Kiingereza au Kifaransa, si ya mwandishi wa habari. Na kwa Rwanda, msitafute jina la ukoo la pamoja. Baba na mwana hawashiriki jina kwa lazima, kwa hiyo pangeni kwa jina la Kinyarwanda.

Binti_Njoro

Na siku ya kuzindua?

Maktaba_Ziwani, Kisumu (mleta uzi)

Asubuhi, saa tatu au saa nne. Mchana huku mvua ya ziwa haina adabu. Jina pamoja na somo na chuo linachukua sekunde saba hivi kulisoma kwa heshima, kwa hiyo majina 40 hayafiki dakika tano. Yasomwe yote, msikubali mtu kusema "na wengineo". Msomaji apewe matamshi yaliyoandikwa kwa tahajia ya Kiswahili siku tatu kabla, na ayapitie na mtu wa lugha ile. Familia zikae mbele ya wageni wa heshima. Hotuba baada ya majina, si kabla, maana hotuba ikirefuka majina ndiyo hukimbizwa.

Mkitaka mti, pandeni mringaringa wakati wa mvua za masika, shimo la sentimita 60 kila upande, mita tano kutoka ukutani. Uwekeeni uzio; mbuzi wa jirani hawajui kumbukumbu.

Graniti, swali la mwisho: habari za vita huwa na makosa, na mara nyingine mtu aliyetangazwa kufa anapatikana hai kambini. Jina lake likiwa tayari kwenye jiwe tunafanyaje?

Graniti_Nakuru

Kwanza mngoje. Jina la daraja B kutoka vita visivyoisha lisichongwe kabla ya mwaka kupita bila taarifa mpya.

Pili, kwa vita hivyo msitumie jiwe moja zima. Herufi iliyozama milimita 3 haifutiki. Inabidi uso wote usagwe na kung'arishwa upya, na majina 39 mengine yaondoke nayo. Tengenezeni vipande vya jina moja moja, milimita 330 kwa 45, unene 20, vikae kwenye fremu ya alumini yenye mfereji. Kila kimoja kina uzito wa gramu 800 hivi. Fremu ifungwe pembeni kwa skrubu mbili zenye kichwa maalumu kisichofunguka kwa bisibisi ya kawaida, na ufunguo wake ukae kwa mkutubi. Kipande kinatoka na kingine kinaingia bila kugusa wenzake, na alfabeti inabaki sawa hata majina mapya yakija katikati. Agizeni vipande vitupu kumi vya ziada siku ile ile mnaponunua vingine, kutoka bamba moja la graniti. Ukirudi kununua miaka miwili baadaye, weusi wake hautalingana.